Dari Iliyohamia Shambani

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kuandika leo ili siku moja ijulikane nani alikuwa na akili katika ukoo huu. Mimi ni wa kuoa tu, si wa damu. Ndiyo maana hawanisikilizi.

Hali yenyewe: shamba limeota mvi. Nimelikuta asubuhi lina ukoko mweupe, kuanzia kisimani hapa juu karibu na nyumba hadi mpaka wa chini, unavunjika chini ya kiatu kama ganda la yai. Mahindi yaliyobaki yamekunja majani, ncha zimeungua. Nimemwambia mke wangu asishtuke, mvi ni dalili ya kukomaa. Amesema kuna vichwa vina mvi na ndani hamna kitu. Kisha amerudi kwenye cherehani yake. Sijui alikuwa anamsema nani.

Watu wenye wivu wanasema ni kisima. Kisima nilikichimba miaka mitatu iliyopita, kwa akili yangu na mikono ya wengine, ili nisipange foleni ya zamu ya maji ya mfereji pamoja na kila mtu. Maji yake yana ladha kidogo. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na msimamo. Lakini ni mengi, ni yangu, na pampu ikiwashwa inanguruma hadi mtaa wa pili wanajua kuna mkulima. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye shamba lake limepakana na letu upande wa chini, amesema "kisima" kwa miaka mitatu mfululizo. Mtu wa neno moja.

Leo imekuja barua ya kamati ya mfereji. Jumamosi tarehe 14 watakagua mashamba yote. Shamba lisilo na mmea wala matengenezo yoyote litapewa mtu mwingine. Mke wangu ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto wa pini. Shamba hilo lilikuwa la baba yake. Marehemu alilisafisha kwa panga na jembe kabla mke wangu hajazaliwa, na yeye alijifunza kutembea kati ya matuta yake. Amesema hivyo tu. Hakulia. Ningependa alie, maana anayelia anabembelezwa.

Nimemwambia nina mpango. Ameshusha pumzi ndefu. Nadhani ni ya nafuu.

Jumanne, 3 Juni

Bibi shamba amekuja, kwa mwaliko wa mke wangu, si wangu. Msichana mdogo, buti kubwa kuliko yeye. Amechota udongo, akautia kwenye chupa ya maji safi, akatikisa, akaiweka dirishani. Tumekaa, tumekunywa chai, ameandika andika mambo yake. Baada ya saa tatu maji ya chupa bado yalikuwa tope tupu. Akasema kama tatizo lingekuwa chumvi peke yake, udongo ungetulia chini na maji yangetakata. Huu haujatulia. Maana yake kuna chumvi, na juu ya chumvi kuna magadi, na magadi yameukaba udongo hata maji hayapenyi. Nimemwambia labda chupa ni chafu.

Akaenda kisimani, akaonja. Akatema. Kisha akamwambia mke wangu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba anayetia chumvi ni bwana.

Nimekasirika. Mimi sitii chumvi. Kila ninachosimulia ni kweli, hata habari ya yule nyoka wa mita tisa. Mke wangu amenieleza kuwa bibi shamba anamaanisha chumvi yenyewe, ile inayotoka kisimani. Amecheka mpaka akashika meza. Shemeji, aliyekuwa amesimama mpakani bila kualikwa na mtu, naye amecheka. Akasema tangu leo mimi ni Bwana Chumvi. Kufikia jioni muuza maandazi ameniita hivyo.

Kabla ya kuondoka bibi shamba ametuachia karatasi yenye mistari minne. Kwanza, mtaro upande wa chini wa shamba, kina cha kiuno, chumvi ipate pa kutokea. Pili, jasi, magunia kumi na mawili, ichanganywe na udongo ili ilegeze magadi. Tatu, maji matamu ya mfereji, shamba lijazwe na kuachiwa, mara tatu au nne. Nne, kisima kifungwe. Baada ya hapo mpunga, kwa sababu mpunga hauogopi kusimama majini. Amesisitiza kwamba mpangilio ni huo huo, kuanzia juu.

Nimeisoma mara kadhaa. Mstari wa kwanza ni sulubu. Wa tatu unanirudisha kwenye foleni. Wa nne ni matusi. Unabaki wa pili.

Jumatano, 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kwa nini niondoe chumvi wakati chumvi ni bidhaa? Wengine wanachimba migodi. Mimi imepanda yenyewe hadi juu, imejianika, inanisubiri.

Nimekwangua ukoko kwa beleshi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Debe zima. Nimeuchekecha kwa chekeche la unga la mke wangu na kulirudisha mahali pake. Kisha nimempelekea jirani mwenye ng'ombe, nikamwambia ni chumvi ya mifugo, ya asili kabisa, imetoka ardhini bila kugusa kiwanda. Akauliza mbona ina rangi ya majivu. Nikamwambia hayo ndiyo madini. Amelichukua debe kwa majaribio.

Nikiwa narudi nimemkuta shemeji anachimba. Mtaro, kina cha kiuno, unatoka kwenye korongo, unapita shambani kwake, unaelekea mpaka wangu. Amenisalimia vizuri mno. Mtu anayekusalimia vizuri hivyo huku ameshika sululu ana lake jambo.

Alhamisi, 5 Juni

Ng'ombe wameilamba yote. Wakanywa pipa zima la maji. Kisha wakaharisha, wote watano, kwa pamoja, ndani ya zizi lililosafishwa jana.

Jirani amerudisha debe kwa kulirusha juu ya uzio. Bibi shamba ameshapita kwake, amesema ni magadi hayo, wanyama wapewe maji mengi na watapona. Nilidhani hiyo ni habari njema. Yeye hakuiona hivyo. Amenipa nafasi ya kuchagua: nisafishe zizi siku mbili, au anipeleke kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji leo hii. Zikiwa zimebaki siku tisa tukaguliwe, nimeona zizi lina heshima zaidi.

Mke wangu ameuliza kwa nini unga wa leo una ladha. Nimemwambia ni mahindi ya msimu huu.

Ijumaa, 6 Juni

Zizi. Sina la kuandika. Nimeoga mara mbili na paka bado amekataa kukaa karibu nami.

Mtaro wa shemeji umesogea. Nimepima kwa hatua: kumi na tisa hadi mpakani. Jana zilikuwa ishirini na sita.

Sasa naona mchezo. Shamba letu likinyang'anywa, nani yuko karibu kulipokea? Yule ambaye mtaro wake umeshapiga hodi. Nimemdokezea mke wangu kwamba kaka yake anaunyemelea urithi wake. Ameniuliza kama nimeoga.

Jumamosi, 7 Juni

Zizi hadi saa nne. Kisha dukani. Muuza pembejeo amesema jasi imekwisha, nyingine itafika baada ya wiki mbili. Ukaguzi ni baada ya wiki moja. Nimekaa kwenye benchi nje ya duka nimekata tamaa kabisa, kwa dakika kama tatu.

Hapo akapita fundi dari na ngazi yake. Akaniuliza Bwana Chumvi vipi. Nikamweleza shida yangu. Akashangaa. Akasema jasi mbona imejaa majumbani. Zile bodi nyeupe anazowapigilia watu darini ni nini kama si jasi? Imesagwa, ikabanwa katikati ya karatasi mbili, basi. Ameapa kwa ngazi yake.

Nimefika nyumbani. Nimekaa sebuleni. Nikainua macho.

Jumapili, 8 Juni

Maelezo kuhusu dari ya sebule. Mke wangu aliilipia mwenyewe, kwa kushona miaka miwili. Kabla ya hapo tulikuwa na mabati matupu, mvua ikinyesha tunazungumza kwa ishara. Dari ni nyeupe, ina ua la kuchonga katikati, na mgeni yeyote huonyeshwa hilo ua kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Leo amekwenda kupima sare za kwaya. Watu thelathini, siku nzima. Kama hiyo si ishara sijui ishara ni nini.

Nimeanza saa tatu. Bodi ya kwanza imetoka kwa heshima. Ya pili imetoka na mimi. Kufikia saa saba dari yote ilikuwa uani. Nimebandua karatasi, nikavunja, nikatwanga kwenye kinu. Kuna rangi kidogo na gundi na misumari michache, lakini udongo hauchagui. Nimepata magunia manne. Bado manane. Fundi dari, muungwana yule, ameniongezea gunia zima la unga mweupe anaozibia maungio ya bodi. Amesema nao ni jasi, tena imepita motoni, ina nguvu zaidi. Nimeona gunia lenye nguvu ni sawa na manane yasiyo na nguvu.

Ua la katikati nimeliacha pale juu, limeshikiliwa na kipande cha mbao. Sina roho mbaya.

Jumatatu, 9 Juni

Jana jioni mke wangu aliingia, akatazama juu. Akatazama ua. Akatazama mabati. Nikamweleza kwamba dari inaweza kurudi lakini shamba likienda halirudi, na kwamba nimefanya yote kwa heshima ya marehemu baba yake. Leo asubuhi amebeba cherehani na kuihamishia barazani kwa kaka yake. Amesema kule kuna mwanga.

Kwa hiyo ni lazima nifanikiwe.

Nimemwaga jasi yote kwenye kona ya juu, karibu na kisima, mahali ambapo kamati itaanza kutazama. Unga wa fundi nimeuweka juu kabisa, wote, kwa sababu ya nguvu zake. Karatasi inasema ichanganywe na udongo, lakini nimeona maji yatachanganya yenyewe. Zamu yetu ya maji matamu ni Alhamisi. Nimewasha pampu.

Robo saa ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Uji mweupe, laini, umetandaa kama shuka. Nikaingia katikati na buti, nikawa nasawazisha kwa ubao. Mara nikahisi joto miguuni. Nikajua jasi sasa inapigana na magadi. Nikasimama kimya niisikie vita.

Niliporidhika nikataka kutoka. Buti zikakataa.

Jumanne, 10 Juni

Buti ya kulia nimeing'oa kwa nondo. Ya kushoto imebaki pale, imesimama wima, haina habari na mtu. Kona yote imekuwa sakafu. Ngumu, nyororo, nyeupe. Kuku wa jirani wamekuja asubuhi, wamekwaruza mara mbili, wakaangaliana, wakaondoka.

Kwa ufupi: shamba lina sakafu na sebule haina dari.

Fundi dari amepita, amesifu usawa wake. Anasema unga ule ukikutana na maji huganda upesi, ndiyo kazi yake, alidhani najua. Nimemwambia nilijua. Nimeshinda nikivunja kwa nondo na hadi jioni nilikuwa nimevunja eneo la meza moja. Mgongo umetangaza mgomo.

Na mtaro umefika mpakani.

Jumatano, 11 Juni

Umevuka! Hatua nne ndani ya shamba letu, bila hodi. Saa kumi na mbili asubuhi nimezifukia zote nne na kukanyaga juu, mgongo ukilia. Saa tano zilikuwa zimechimbwa tena, na tatu za ziada. Saa nane, walipokwenda kula, nimefukia. Saa kumi zimechimbwa. Shemeji ananisalimia tu, vizuri vile vile.

Nimesema "walipokwenda" kwa sababu ana mtu anamsaidia. Nimeuona mgongo tu kwa mbali, kilemba cha bluu. Mke wangu ana kilemba kama hicho. Vimekuwa vingi mjini.

Yeye mwenyewe amerudi jioni ana tope hadi magotini na malengelenge viganjani. Nimemwambia anashona kupita kiasi, apumzike. Akaniambia nipumzike na mimi, hasa na ile kazi ya kufukia. Sijui nani amempelekea maneno.

Ijumaa, 13 Juni

Jana sikuamka kitandani. Leo pia, hadi saa sita. Lakini mwili ukilala, akili inafanya kazi.

Kamati inataka mmea. Barua haisemi mmea wenye mizizi. Na shemeji amepunguzia mahindi yake, ameng'oa miche dhaifu na kuilundika mpakani ikauke. Karibu mia mbili. Ni takataka, kwa hiyo si wizi. Nimeiloweka kwenye ndoo. Kesho asubuhi nitaichomeka, mistari imenyooka, kwa kamba. Kwenye sakafu nitatoboa matundu kwa nondo. Ikistahimili hadi kamati ifike saa nne tu, shamba ni letu.

Nimewaza uso wa mke wangu atakapoiona. Nimewaza sana, kwa kweli. Siku tano hizi hajanicheka wala hajanigombeza. Nimemkumbuka, na tunakula meza moja.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimaliza saa mbili. Mistari kumi. Kwa mbali lilikuwa shamba kabisa. Nikarudi nyuma hatua kadhaa nilitazame, machozi yakanilenga.

Kamati ilitakiwa saa nne. Ikaanzia mashamba ya mbali. Ikafika kwetu saa saba. Jua lilikuwa limeshafanya kazi yake na chumvi imefanya yake, na miche yote mia mbili ilikuwa imelala kifudifudi, mistari imenyooka.

Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, anatembea na mwavuli. Nusu ya watu wa hapa aliwapokea yeye, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwekea uso wa ukubwa. Akainyanyua michache kwa vidole viwili, akaigeuza, akatafuta mizizi. Akairudisha chini taratibu. Kisha akapanda juu ya sakafu na kuigonga kwa ncha ya mwavuli. Ko, ko. Akaniuliza kama wageni wanavua viatu. Akaiona buti. Hakuuliza.

Nikaanza kueleza. Nikagusia utafiti, mbinu mpya, vita vya jasi na magadi katika ekari tatu. Shamba ni nusu ekari. Jirani mwenye ng'ombe, ambaye ni mjumbe, kumbe, akasema kwa sauti kwamba Bwana Chumvi anatia chumvi. Kamati yote ikacheka, na katibu akalazimika kufuta kitu alichokuwa ameandika.

Mwenyekiti akauliza ule mtaro ni wa nani.

Nikageuka. Tangu alfajiri nilikuwa na kamba na miche tu, sikuwa nimetazama kule chini. Ulikuwa umekamilika. Umepita upande wote wa chini wa shamba letu, kina cha kiuno, kingo zimenyooka kama mshono, hadi kwenye mtaro wa shemeji na kutoka pale hadi korongoni. Chini yake maji ya kahawia yalikuwa yanatiririka polepole. Miaka mitatu maji hayo hayakuwa na pa kwenda. Nikafungua mdomo niseme ni wetu.

Mke wangu alikuwa ameshatangulia. Alisimama ukingoni na kilemba chake cha bluu, tope kwenye gauni la kutokea, akasema umechimbwa na yeye na kaka yake, na kwamba kipande kimoja walikichimba mara tatu. Hakunitazama. Akatoa karatasi ya bibi shamba. Mstari wa kwanza ulikuwa umekatwa kwa wino. Akasema jasi ameagiza, inafika wiki ijayo. Zamu za maji matamu ameomba. Kama kuna jina la kuandikwa kwenye daftari la mashamba, aandikwe yeye.

"Baba alinifundisha kutembea hapa," akasema. "Nikilipoteza, nilipoteze kwa mkono wangu mwenyewe. Si kwa mpango wa mtu."

Niliona aibu. Ya kweli, ya kifuani na masikioni. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba sikujua, halafu nikakumbuka kwamba niliambiwa, kwa maandishi, kuanzia juu. Aibu hiyo ilidumu hadi karibu na mlango wa nyumba.

Wamempa msimu mmoja, kwa jina lake. Mwisho wa msimu wanataka kuona mpunga. Sharti ni moja: pampu isiwashwe tena kwa ajili ya shamba hilo.

Jumapili, 15 Juni

Cherehani imerudi. Ameiweka pale pale, chini ya ua. Amesema hana hasira, amechoka tu, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti na ni vizuri nijue tofauti yake. Nimeiandika hapa nitaisoma nikipata nafasi.

Nimepewa kazi moja. Kitalu cha mpunga, nyuma ya jiko, hatua tano kwa tatu. Tumesia mbegu leo, yeye na mimi, tumechuchumaa pamoja. Miche itakaa humo karibu mwezi, shamba likiwa linaoshwa, kisha ihamishiwe kule. Hakuna mbegu nyingine. Miche hii ikifa hakuna mpunga, na pasipo mpunga jina lake linafutwa daftarini. Ndoo sita asubuhi, sita jioni, maji ya mfereji peke yake. Bibi shamba amesema mpunga mchanga hauvumilii chumvi hata kidogo. Amelisema mara mbili, zote akinitazama mimi. Nimeapa mbele yao.

Shemeji ameniazima ndoo mbili. Amenisalimia vizuri. Nimeamua kwamba ni mtu mwema, kwa sasa.

Ijumaa, 20 Juni

Mfereji uko mbali. Hatua mia nne na kumi kwenda, na kurudi zinaongezeka kwa sababu ya uzito. Nimepiga hesabu: tangu Jumapili nimetembea mwendo wa kufika mji mwingine, na kila siku naishia nyuma ya jiko.

Miche imechipua. Kijani kibichi. Mke wangu huja kuitazama kila asubuhi kabla ya kushona, anachuchumaa, anaigusa kwa kiganja, anatabasamu peke yake. Juzi aliniambia ahsante. Sikujua niweke wapi mikono.

Leo nimekaa kisimani nipumzike. Pampu ipo pale, imefunikwa gunia, inasikitisha. Nikaukumbuka uamuzi wa kamati, neno kwa neno. Isiwashwe kwa ajili ya shamba. Kitalu si shamba. Kitalu ni kitalu. Na kutoka kisimani hadi kitaluni ni hatua kumi na moja, mpira wa bustani unafika bila kuvutwa.

Isitoshe, nimejifunza. Kosa langu lilikuwa maji mengi mahali pakubwa. Maji kidogo mahali padogo ni jambo jingine kabisa. Mtu asiyejifunza kutokana na makosa yake namhurumia.

Nimeifunika pampu godoro kuukuu isipige kelele. Nimeiwasha. Imekubali kwa mkono wa kwanza, baada ya siku zote hizo. Haina kinyongo.

Ijumaa, 27 Juni

Mambo safi. Wiki nzima bila ndoo, mgongo umepona. Shemeji amenisifu kwa kumaliza kazi mapema kila siku. Nimemwambia ni mazoea.

Jasi ilifika, ya kweli, kwenye magunia yaliyoandikwa. Mke wangu yuko shambani na kaka yake tangu Jumanne wanaichanganya na udongo, kwa hiyo hajapata nafasi ya kuja kitaluni. Atakuja kesho asubuhi kuhesabu miche. Leo jioni amerudi, amekata kitambaa cha kwaya huku anaimba, chini ya ua lake na mabati. Miaka mingi sijamsikia akiimba. Nimesimama mlangoni kumsikiliza hadi akanifukuza.

Kisha nikaenda kumwagilia. Ncha za majani zimegeuka njano. Naona yanaiva. Na katikati ya miche, juu ya udongo, pametanda ukoko mwembamba, mweupe, unavunjika ukiugusa.

Kitalu cha siku kumi na mbili, tayari kimeota mvi! Kimekomaa mapema kuliko shamba lenyewe. Kesho nitamwambia asishtuke.